Ulimi wa Mirabu, Sehemu ya Tisa: Sabuni ya Anabibi

Wiki iliyopita tulimwacha Matyakub kinywa wazi, machozi yakimtiririka, na barak la mayai, kile kifuko cha unga kilichojazwa mayai, lililotoka muda huo huo kwenye maji yanayochemka limelala juu ya ulimi wake likifuka moshi.

Wengi mmeuliza kama alilitema.

Hakulitema, jamani. Alilitafuna!

"Mkwe!" Anabibi, mama mkwe wake, aliangusha mwiko. "Nilisema ule, sikusema ujichome! Toa ulimi nione."

Matyakub akautoa. Ulikuwa mwekundu mbele na mweupe katikati. Anabibi aliugeuza kwa kidole huku na huku, kama mtu anayekagua kwato za mbuzi mnadani.

"Umekwisha," alisema. "Huo si ulimi tena. Huo ni soli ya kiatu."

Matyakub alijaribu kujitetea, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya ndama.

Basi tukumbushane haraka, maana jua linapanda. Matyakub ndiye mirabu wa kijiji cha Kumyap, yaani mtu anayefungua na kufunga lango la mfereji na kusema nani amwagilie lini. Kwa miaka thelathini amekuwa akichota maji kwa kiganja, akiyaonja, kisha akitamka: haya yanafaa, haya yana chumvi, yapite. Hakuna aliyewahi kumbishia. Mwaka huu mto umekonda. Maji yanayofika Kumyap hayatoshi kulowanisha soksi, na watu wameanza kuutazama mtaro, ule mtaro mrefu wenye matete unaobeba maji ya chumvi yaliyokwisha kuosha mashamba ya watu wa juu.

Leo saa tano, mbele ya kijiji kizima, Matyakub anaonjeshwa mabakuli matatu. Moja lina maji ya mfereji, moja ya mtaro, moja mchanganyiko. Akipatia yote, gurudumu la lango linabaki mkononi mwake, na saa sita kamili Anabibi anapata zamu yake ya maji. Akikosea, gurudumu linakwenda kwa Bekpulat na kile kipimo chake cha chumvi cha betri, na zamu zote zinapangwa upya kuanzia juu. Kwa Anabibi, mkiani kabisa, maji yatafika baada ya siku kumi na mbili.

Matikiti ya Anabibi hayana siku kumi na mbili. Hayana hata tatu.

Na si matikiti hivi hivi. Ni gurvak, yale madogo ya njano yanayowahi kuiva, mistari kumi na tisa, yaliyotokana na mbegu alizokuwa akizichagua Sapargul mwaka hadi mwaka, akizianika juu ya gazeti dirishani. Sapargul alikuwa binti wa Anabibi na mke wa Matyakub. Alifariki vuli iliyopita. Mbegu alizoziacha zimepandwa zote. Kwenye mkebe haikubaki hata moja.

"Sasa utaonjaje, mkwe?" Anabibi aliuliza, na safari hii sauti yake ilishuka.

Matyakub alijificha ndani ya kofia yake kubwa ya manyoya ya kondoo, ambayo haivui hata Juni. Na hapa, msomaji, sogea nikunong'oneze.

Lile barak alilitia kinywani makusudi.

Ndiyo, makusudi! Kwa sababu ulimi wa Matyakub haujawahi kuonja kitu. Tangu alipougua utotoni, kwake chai na maji ya kuoshea vyombo ni mtu na ndugu yake. Aliyekuwa akionja ni Sapargul. Kila asubuhi alikuja mferejini na birika, akainama kusuuza vikombe, akalamba kidole, na akimpita mumewe akanong'ona: "Tamu." Au: "Yaache yapite." Ndipo Matyakub alipochota kiganja chake kwa mbwembwe, akafumba macho, akatamka, na watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu.

Tangu vuli alikuwa anabahatisha tu.

Leo asingeweza kubahatisha. Kwa hiyo akafikiri: nikiungua ulimi, mashindano yataahirishwa. Nani atamlazimisha majeruhi?

Nitawaambia nani.

*

"Toa ulimi!" alisema mwenyekiti Jumaniyaz.

Alisema hivyo kwa kipaza sauti, ingawa Matyakub alikuwa amesimama hatua moja mbele yake. Jumaniyaz ni mwenyekiti wa chama cha watumia maji, na kipaza sauti alikipata alipochaguliwa. Tangu siku hiyo hata chumvi mezani anaiomba kwa kipaza sauti.

Matyakub akautoa. Kijiji kikapanga foleni kuutazama.

"Paka maziwa ya mgando," alishauri mmoja.

"Paka mafuta ya mkia wa kondoo."

"Mimi wangu uliwahi kuwa hivyo nikaoa tu ukapona."

"Kimya!" kipaza sauti kikanguruma. "Baba yake huyu, Mungu amrehemu, alionja maji akiwa na homa, amebebwa kwenye kitanda! Mashindano yanaendelea. Au ulimi wa mtoto ni wa kuazima?"

Watu wakacheka. Matyakub alihisi jasho likimshuka ndani ya kofia. Mwenyekiti hakujua alivyokuwa karibu na ukweli.

Bekpulat akafika kwa pikipiki, kipimo kimening'inia shingoni kwa kamba kama medali. Ni kijana wa miaka thelathini, amesomea mambo ya udongo mjini, na ana tabia ya kupima kila kitu. Inasemekana siku ya harusi yake alipima supu ya wakwe.

"Kaka Matyakub, pole kwa ulimi," alisema. "Sina ugomvi nawe. Mimi nasema tu ulimi ni nyama, na nyama hudanganya."

"Wewe pima, usihubiri," Anabibi alimkata. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mfereji na beseni lake la nguo, anafua, kwani kwake hakuna jambo kubwa la kumzuia mtu kufua.

Mabakuli matatu yalikuwa juu ya meza, yamefunikwa kwa mkate wa tanuri. Jumaniyaz aliyafunua moja moja.

"Nimeyachota mwenyewe! Mirabu, karibu!"

Matyakub akalisogelea bakuli la kwanza. Akachota. Akafumba macho. Akaweka kinywani.

Hakuna kitu. Maumivu tu.

Akainama tena, akachota tena, akasukutua, akatema, akaomba muda wa kumkumbuka baba yake. Akapewa. Akaomba muda wa kumkumbuka babu yake. Akapewa nusu.

"Usije ukatukumbukia ukoo mzima!" mtu alipaza sauti. "Saa sita inakaribia!"

Saa sita inakaribia! Matyakub aligeuka akamtazama mama mkwe wake kwa macho ya mtu anayezama. Anabibi hakumtazama. Alikuwa anasugua shati kwa hasira.

"Sabuni gani hii," alikuwa akijisemea. "Nimesugua mpaka kucha zimelainika, povu halitoki."

Matyakub akaganda.

Aliisikia sauti nyingine, ya miaka mingi. Sapargul, mikono ndani ya beseni, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, anamwambia bila kuinua kichwa: leo sabuni haina povu, mume wangu, chumvi imeingia kwenye mfereji. Siku alizokuwa na mafua na hawezi kuonja, Sapargul alikuwa anafua tu. Na hakuwahi kukosea.

"Uembe!" Matyakub alipiga kelele.

"Nini?"

"Wembe! Nataka kunyolewa!"

Kijiji kikatazamana. Mbwa mmoja akaondoka.

"Kunyolewa?" kipaza sauti kiliuliza taratibu.

Matyakub alijivuta juu, na kwa ulimi ule wa soli ya kiatu akaeleza, neno moja moja, kwamba mirabu wa kweli haonji akiwa mchafu. Kwamba katika shida kubwa mirabu hunyolewa kwa maji yale yale anayotaka kuyahukumu, bakuli kwa bakuli. Kwamba hiyo ni desturi ya zamani sana, ya zamani kiasi kwamba imesahaulika.

"Mimi sijawahi kuisikia," alisema mzee mmoja.

"Si nimesema imesahaulika?"

"Na nani atamnyoa?"

"Mimi," alisema Anabibi, akasimama akipangusa mikono. Wembe wa marehemu mumewe huwa anatembea nao mfukoni, hakuna ajuaye kwa nini, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuuliza.

Msomaji, kama unaye mama mkwe, mfikirie na wembe. Sasa mfikirie na wembe na sabuni ya kufulia, ile ya kahawia inayotengenezwa kwa mafuta ya pamba, na ukosefu wa povu.

Bakuli la kwanza. Anabibi alilowanisha, akasugua. Sabuni ikaganda shavuni kama jibini. Hakuna povu. Wembe ukapita.

"Aaa!"

"Tulia, mkwe. Umezaliwa na ngozi ya jogoo."

Bakuli la pili. Jibini tena. Nusu ya kushoto ya masharubu, yaliyofugwa miaka ishirini na sita, ikaanguka mezani. Wanawake wawili wakalia. Mmoja alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwa ya kweli.

Bakuli la tatu. Matyakub alimwomba Mungu povu. Kidogo tu, hata la kujaza kijiko. Maji ya mfereji lazima yatoe povu!

Jibini.

Mabakuli matatu, na hakuna povu hata moja!

Ameshindwa. Sabuni imekataa. Atasema nini? Atachagua lipi? Jumaniyaz alikuwa tayari ananyoosha mkono kuelekea gurudumu, lile duara la chuma ambalo Matyakub hulichomoa langoni na kulivaa begani ili mtu asifungue bila yeye.

Lakini Sapargul hakuwahi kukosea.

"Hakuna maji ya mfereji hapa," Matyakub alisema. "Yote matatu ni ya chumvi."

Kelele!

"Ameshindwa!" Jumaniyaz alinguruma, na uso wake ulichanua kama wa mwenye harusi. "Mmesikia wote! La tatu nimelichota mferejini kwa mkono huu! Bekpulat, chukua gurudumu!"

Bekpulat hakusogea. Alikuwa anatazama jibini kwenye shavu la Matyakub kama alivyomtazama mkewe siku ya uchumba.

"Ngoja kwanza," alisema, na kabla mtu hajamzuia akachovya kipimo kwenye bakuli la kwanza. "Hili, gramu sita na nusu kwa lita. Mtaro." Akachovya la pili. "Sita kasoro kidogo. Mchanganyiko." Akachovya la tatu. Akakitikisa kipimo. Akachovya tena.

"Sema!" walipiga kelele watu.

"Tano na kitu."

"Yaani?"

"Yaani hata hayo ya mfereji ni ya chumvi. Kwa tikiti, gramu tatu tu ni msiba. Kaka Matyakub amepatia."

"Betri imekwisha!" Jumaniyaz alifoka.

"Nimeweka mpya asubuhi. Nimezitoa kwenye rimoti ya mama."

"Bekpulat!" ilisikika sauti ya mwanamke katikati ya umati. "Ni wewe! Nimempiga baba yako kwa ajili ya zile betri!"

Anabibi alikuwa bado ameshika wembe. Alimwangalia mkwewe mwenye nusu masharubu, matone matatu manne ya damu kidevuni.

"Si desturi," alisema polepole. "Hilo la kunyolewa si desturi. Ulikuwa unasoma sabuni."

Matyakub angeweza kudanganya. Alikuwa na miaka thelathini ya mazoezi. Lakini mama yule alikuwa amesimama na mikono iliyochubuka kwa sabuni, na mikono ile ilikuwa na vidole vilevile vya binti yake.

"Ni Sapargul," alisema. "Mimi sijawahi kuonja kitu, mama. Ilikuwa ni yeye. Miaka yote."

Anabibi alikunja wembe, akautia mfukoni.

"Unadhani sikujua?" alisema. "Mwaka wa kwanza wa ndoa yenu nilikutilia chumvi supu vijiko vinne, nikuone. Ukala mabakuli mawili ukaomba la tatu."

Watu wakaangua kicheko, na Matyakub naye akacheka, na kile kicheko kikamwacha mahali ambapo hakutaka watu wamwone usoni, akaishusha kofia.

Lakini Jumaniyaz si mtu wa kupoteza nafasi.

"Basi mmesikia!" alinguruma. "Mirabu asiye na ulimi! Miaka thelathini ametuchezea! Gurudumu, sasa hivi!"

"Mwenyekiti," Bekpulat alisema, "nani anamwaga maji ya mtaro kwenye mfereji wetu?"

"Hilo litaundiwa kamati!"

"Saa sita," Anabibi alikumbusha. "Zamu yangu imeanza. Nipeni maji matamu."

Ndiyo, msomaji, saa sita ilikuwa imefika! Zamu ilikuwa ya Anabibi, kwa muda wa saa mbili tu, na mfereji mzima ulikuwa chumvi. Akifunguliwa maji, matikiti yanakufa leo. Asipofunguliwa, yanakufa kesho kutwa.

Matyakub akaliangalia lango. Lilikuwa wazi kiasi cha kiganja, kama kawaida, ili maji ya ziada yapite. Akauangalia mfereji kwenda juu. Halafu akafanya jambo moja rahisi mno, ambalo mtu asiye na ulimi, lakini mwenye kichwa, anaweza kulifanya.

Akalitoa gurudumu begani, akalichomeka langoni, akazungusha. Kwii, kwii, kwii. Lango likafungika kabisa. Akalichomoa, akalivaa.

"Umefanya nini?" Jumaniyaz aliuliza. Kwa mara ya kwanza aliuliza bila kipaza sauti.

"Nimeziba," Matyakub alisema. "Mtu anasukuma maji ya mtaro humu kwa pampu, ili tusione kwamba matamu ameyachukua. Sasa maji hayana pa kupita. Yatapanda. Yatarudi nyuma. Yataingia kwa yeyote aliyetoboa ukingo akaacha tundu wazi. Tutulie tu. Atapiga kelele mwenyewe."

Wakatulia. Wakaula ule mkate wa kufunikia mabakuli. Maji yakapanda kidole kimoja, vidole viwili, kiganja. Wote walimwangalia Bekpulat, maana shamba lake la mpunga liko juu tu, upande wa kushoto.

"Msiniangalie hivyo," alisema Bekpulat. "Tundu langu nimeziba tangu Mei. Mpunga wangu umekauka, nauza mabua."

Mkono mzima sasa. Maji yalikuwa yanalamba ukingo.

"Uuuwiii!"

Hiyo hapo! Lakini haikutoka kushoto. Ilitoka kulia, nyuma ya mipopla, ile miti mirefu myembamba, mahali ambapo kila mtu wa Kumyap anajua hakuna shamba isipokuwa moja. Shamba ambalo mwenyewe alitangaza, kwa kipaza sauti, kwamba amelitolea sadaka, hatalimwagilia mwaka huu kwa kuwahurumia wanyonge.

"Mume wangu!" sauti ya kike ililia. "Jumaniyaz! Bwawa limepasuka! Samaki wanatoroka!"

Mwenyekiti aliangusha kipaza sauti akatimua mbio.

Kijiji kizima kikamfuata. Nyuma ya mipopla kulikuwa na bwawa, kubwa kama uwanja wa mpira, limechimbwa kimyakimya na kuzungushiwa mabua. Bomba nene lilitoka mferejini kuingia bwawani. Hatua chache mbele yake, kuelekea langoni, pampu ilikuwa inanguruma ikinyonya mtaro na kutapika mferejini. Ukingo wa bwawa ulikuwa umebomoka kwenye kona, na maji yalikuwa yanamiminika barabarani, na samaki wanene, kambare na wengineo, walikuwa wanaruka vumbini kama wanafunzi waliofunga shule.

"Samaki wangu!" Jumaniyaz alimkumbatia mmoja. Samaki akamzaba kofi.

"Wanyonge ndio hawa?" aliuliza mama yake Bekpulat, akitia wawili kwenye aproni.

Bekpulat hakuwa na habari na samaki. Alikuwa amepiga magoti barabarani, kipimo ndani ya maji yanayopita.

"Kaka Matyakub!" alipiga kelele. "Nusu gramu! Matamu! Matamu kabisa!"

Maji matamu, bwawa zima! Na yanateremka barabara ileile inayopita kando ya matikiti ya Anabibi!

Yanapita kando, nimesema. Barabara ina mteremko. Kabla ya shamba kuna kijia cha maji cha kuingilia kwenye mistari, lakini kiko juu kidogo, na maji yalikuwa yanakipita kwa haraka zake kwenda kutumbukia mtaroni.

"Koleo!" alilia Matyakub. "Nani ana koleo?"

Hakuna aliyekuja kwenye mashindano ya kuonja maji na koleo.

Anabibi hakuuliza. Mama wa miaka sabini na minne alikunja kitambaa chake, akakiweka chini kama mto, akalala kifudifudi kukingama barabara, ukingo hadi ukingo.

Maji yalifika ubavuni pake. Yakasimama. Yakafikiri. Yakajaa.

Yakapinda kuelekea matikiti!

"Usisimame hapo kama nguzo ya umeme!" alifoka kutoka chini. "Ongoza mistari!"

Matyakub akaingia shambani kwa magoti, akachimba kwa mikono. Mstari wa kwanza ukanywa. Wa pili. Majani yaliyokuwa yamejikunja kama ngumi yalilowana, na ardhi ikatoa ile sauti ndogo ya kunyonya ambayo Sapargul alipenda kuinamia na kuisikiliza. Wa tano. Wa saba. Bekpulat alijilaza nyuma ya Anabibi kumtegemeza, kipimo kimeinuliwa juu kisilowe.

Wa kumi.

"Fungua lango!" Jumaniyaz alikuwa amefika, amelowa, magamba kwenye nyusi. "Fungua, mfereji ushuke, bwawa lipone! Nipe gurudumu!"

"Bado mistari tisa," alisema Matyakub.

"Ni amri ya chama! Huna ulimi, huna kazi! Nipe!"

Akalishika gurudumu. Wakavutana. Mwenyekiti ni mzito, Matyakub ni mwembamba, na nusu ya nguvu zake zilibaki kwenye masharubu. Gurudumu likaanza kumtoka begani. Akipewa Jumaniyaz, lango linafunguliwa, maji yanashuka, na mistari tisa ya mkewe inabaki vumbi.

Matyakub alizunguka mara moja, mara mbili, Jumaniyaz amening'inia upande wa pili kama mtoto kwenye bembea. Mara ya tatu akaachia.

Mwenyekiti akaenda kwenye matikiti. Gurudumu likaenda mtaroni. Likaruka juu ya matete, likang'aa juani, likatumbukia kwenye kina cha maji meusi, na matope ya miaka hamsini yakalipokea.

"Haya!" Matyakub alipumua. "Sasa hakuna wa kulifungua lango hilo. Si wewe, si mimi!"

Kijiji kikashangilia. Wa kumi na moja! Wa kumi na mbili! Bekpulat alipunga kipimo hewani. Matyakub alivua kofia yake, ndiyo, aliivua, akairusha juu, na kichwa chake kilikuwa cheupe kama yai, hakuna aliyewahi kukiona.

Anabibi peke yake hakushangilia.

Alikuwa amelala vilevile, shavu kwenye kitambaa, maji yakimfikia mdomoni. Alilamba midomo. Akalamba tena.

Kule juu, bwawa lilikuwa limekwisha kumwaga maji yake. Lakini lile bomba lilikuwa bado wazi, pampu ilikuwa bado inanguruma, na mfereji uliojaa hadi ukingoni, usio na pa kupita, ulikuwa umeanza kumiminika kupitia kona ileile, barabara ileile, nyuma ya maji matamu.

"Mkwe," Anabibi alisema, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha nyuki. "Haya yana chumvi. Lile gurudumu umelitupa wapi?"